Nina saratani ya ovari, ndugu zangu hawataki nipimwe vinasaba

Shikamoo Shangazi,

Ninakusoma siku nyingi, ila sikuwahi kufikiri nitafika mahali pa kukuandikia. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 47. Nimegundulika na saratani ya ovari, ile wanayosema ni ya daraja la juu. Ilianza kwa tumbo kujaa na kushiba haraka. Nikatibiwa vidonda vya tumbo, dawa zikabadilishwa mara kwa mara, hadi tumbo lenyewe likajaa maji ndipo nikapelekwa kwenye vipimo vikubwa. Nimeshafanyiwa upasuaji, wametoa kizazi, ovari zote mbili na mirija. Sasa niko katikati ya dripu za kemo.

Safari iliyopita daktari aliniambia natakiwa kupimwa vinasaba. Alisema ni damu tu, kama vipimo vingine, akanipa fomu nikaisome nyumbani. Fomu hiyo mpaka leo imo ndani ya mkoba wangu. Sijaisaini.

Nilimwambia mdogo wangu wa kike, akabadilika uso. "Dada, umeshaugua, inatosha. Wakikukuta na kitu, sisi wote tutaanza kulala macho." Siku chache baadaye akaja na wazo lingine: atatuma mate yake kwenye kampuni moja ya mtandaoni, na majibu yake yakiwa mazuri basi itakuwa imethibitika kwamba ugonjwa wangu si wa ukoo, na mimi sitakuwa na haja ya kupimwa. Kaka yetu mkubwa yeye hataki hata mazungumzo. Anasema hayo ni magonjwa ya wanawake, yeye hayamhusu. Ana mabinti watatu.

Daktari aliniuliza kama mama yangu au dada zangu wamewahi kuugua saratani, nikajibu hapana, na ni kweli. Sikumtajia upande wa baba kwa sababu siku zote nimesikia saratani za wanawake hufuata ukoo wa mama. Lakini bibi mzaa baba aliwahi kuwa na uvimbe kwenye titi uliochimbika ukawa kidonda, na dada yake baba alifariki akiwa na miaka hamsini na kitu kwa ugonjwa ambao nyumbani uliitwa "tumbo" tu.

Kuna jambo jingine linanichanganya. Wodini jirani yangu wa kitanda ana saratani ya shingo ya kizazi, yeye hakuambiwa chochote kuhusu vinasaba. Mwingine ana saratani ya mfuko wa uzazi, aliambiwa kinachopimwa ni ile nyama iliyotolewa. Kwa nini mimi ndiye nitolewe damu? Au daktari ameona hali yangu mbaya hataki kuniambia?

Binti yangu ana miaka 22 na amechumbiwa. Mdogo wake wa kiume ana 15. Shangazi, ninachoogopa kuliko kemo ni kusikia kwamba ugonjwa huu nimewapa wanangu. Nisaini, au niirudishe fomu nitulie nimalize matibabu?

Niliye Njia Panda

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa yote uliyopitia, hasa kwa ile miezi ya kumeza dawa za vidonda vya tumbo wakati tatizo liko kwingine.

Saini fomu. Nimetanguliza jibu kwa sababu kwenye jambo lako muda unahesabika, na unahesabika kwa ajili yako wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Niondoe kwanza hofu ya kwamba daktari ameona kitu akaficha. Kila mwanamke anayegundulika na saratani ya ovari ya aina yako, au ya mirija ya uzazi, au ya utando wa ndani ya tumbo, anatakiwa kupewa nafasi ya kupimwa vinasaba, awe na miaka 35 au 75, awe na ndugu aliyeugua au asiwe naye. Sababu ni kwamba kati ya wanawake 100 wenye saratani hiyo, 15 hadi 20 huwa wamezaliwa na hitilafu kwenye jeni fulani, yaani kipande kimoja cha vinasaba chenye kazi yake, iliyowaongezea uwezekano wa kuugua. Na wengi kati ya hao, wakiulizwa kuhusu ndugu, hujibu kama ulivyojibu wewe: hakuna. Ndiyo maana madaktari wameacha kusubiri historia ya ukoo ndipo wapime.

Jeni zinazopatikana zaidi na hitilafu hiyo ni BRCA1 na BRCA2. Kila mtu anazo, mwanamume na mwanamke, nakala moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Kazi yake ni ya fundi: vinasaba vya seli vikikatika, zenyewe hushiriki kuviunga. Mtu akizaliwa na nakala moja mbovu, ile nzima huendelea na kazi kwa miaka mingi. Siku nakala nzima nayo ikiharibika ndani ya seli moja, seli hiyo inabaki haina namna nzuri ya kujirekebisha, makosa yanarundikana, na hapo saratani inapata pa kuanzia.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mdogo wako alipokosea aliposema umeshaugua, inatosha. Udhaifu huohuo wa seli ya saratani umegeuzwa kuwa tiba. Kuna vidonge vinavyozuia kimeng'enya kiitwacho PARP, ambacho ni njia nyingine ya seli kujirekebisha. Seli ya kawaida ikizibiwa njia hiyo ina njia ya BRCA ya kukimbilia. Seli ya saratani iliyokwishapoteza BRCA haina pa kukimbilia, inakufa. Dawa ya kwanza ya jamii hiyo, olaparibu, iliidhinishwa Ulaya na Marekani mwishoni mwa 2014. Mwaka 2018 yakatoka matokeo ya utafiti uitwao SOLO1, uliohusisha wanawake wenye saratani ya ovari iliyosambaa, wenye hitilafu ya BRCA, ambao kemo ya kwanza ilikuwa imewasaidia. Nusu yao na zaidi walipewa olaparibu kwa muda wa hadi miaka 2, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Walipofuatiliwa kwa miaka 7, waliokuwa hai ni 67 kati ya kila 100 kwa waliotumia dawa, na kama 47 kati ya kila 100 kwa wasioitumia. Kwa ugonjwa huu, ambao kwa miaka mingi ulikuwa ukirudi kwa wanawake wengi waliougundua ukiwa umesambaa, hiyo ni tofauti kubwa mno kuiacha ndani ya mkoba.

Vidonge hivyo huanzwa wiki chache baada ya dripu ya mwisho ya kemo. Majibu ya vinasaba nayo huchukua wiki kadhaa. Ukipiga hesabu ya dozi zilizobaki utaona mwenyewe kwamba damu ikitolewa sasa, daktari atakuwa na majibu mezani siku ya kuamua. Ukisema umalize kwanza matibabu ndipo ufikirie, unaweza kukuta dirisha hilo limepita. Sikuahidi kwamba utakutwa na hitilafu, wala kwamba ukikutwa nayo dawa itakufaa bila shida. Ina madhara yake, hasa kichefuchefu, uchovu na kupungua kwa damu, na bei yake si ndogo. Ninachosema ni kwamba bila kipimo, swali lenyewe haliwezi kuulizwa.

Kuhusu wenzako wa wodini, hakuna aliyebaguliwa. Saratani ya shingo ya kizazi, karibu yote, huletwa na virusi vya HPV, na aina mbili tu za virusi hivyo, 16 na 18, husababisha takriban 70 kati ya kila 100. Si ugonjwa wa kurithi, isipokuwa kwa aina chache adimu sana ambazo daktari akiziona kwenye darubini atasema. Binti za jirani yako wanachohitaji ni chanjo ya HPV na kupimwa shingo ya kizazi kwa wakati. Huyo mwenye saratani ya mfuko wa uzazi yuko karibu zaidi na wewe. Kwake wanaanza na nyama kwa sababu wanatafuta protini nne ndani ya uvimbe, na zikikosekana baadhi, wanashuku hali ya kurithi iitwayo Lynch, iliyo kwa kama wagonjwa 3 kati ya 100 wa saratani hiyo. Wakiishuku ndipo naye atatolewa damu. Mwambie asilipuuze jibu lake, kwa kuwa mwenye Lynch huwa pia kwenye hatari kubwa ya saratani ya utumbo mpana, na hiyo huzuilika sana mtu akichunguzwa utumbo kwa kamera kila baada ya mwaka 1 au 2. Kwako wewe, uvimbe unaweza kupimwa pia, na una faida yake katika kuchagua dawa, ila haujazi nafasi ya damu. Damu ndiyo inayosema kama ulizaliwa na hitilafu.

Nilipofika pale ulipoandika habari za bibi na shangazi yako, nilirudia kusoma. Mwanangu, hilo umwambie daktari safari ijayo bila kukosa. Jeni za BRCA haziko kwenye kromosomu za jinsia, yaani zile nyuzi za vinasaba zinazoamua mtoto awe wa kike au wa kiume. BRCA1 iko kromosomu ya 17, BRCA2 ya 13, na baba hurithisha sawasawa na mama. Baba anaweza kuibeba hitilafu maisha yake yote asiugue, akaipitisha kwa bintiye. Titi lililochimbika la bibi, "tumbo" la shangazi, kisha ovari yako, zote ziko mstari mmoja wa baba yako. Huenda zisiwe na uhusiano wowote. Lakini daktari aliyeusikia mstari huo atasoma majibu yako kwa jicho lingine kuliko aliyeambiwa hakuna.

Maneno ya mgonjwa kuhusu ukoo wake yamewahi kufungua mlango mkubwa. Mwaka 1895, huko Ann Arbor, Marekani, fundi cherehani mmoja alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba anajua atakufa mapema, kwa saratani ya tumbo au ya viungo vya uzazi, kama ndugu zake wengi. Daktari hakumpuuza, akaanza kuandika nani aliugua nini katika ukoo ule, na mwaka 1913 akachapisha alichokikuta. Mama yule alifariki kwa saratani ya mfuko wa uzazi. Ukoo wake uliendelea kufuatiliwa kizazi baada ya kizazi, na hali hiyo waliyokuwa nayo ndiyo leo inaitwa Lynch. Kwa hiyo chukua karatasi, mpigie simu mzee yeyote aliyebaki upande wa baba, na uandike: nani aliugua, wapi mwilini, akiwa na umri gani. Usimwulize kama kuna aliyekuwa na saratani, maana neno hilo wengi hawakulitumia. Muulize ni nani alivimba tumbo, ni nani alikuwa na kidonda cha titi kisichopona.

Wazo la mdogo wako la kutuma mate naliona lina upendo ndani yake; anataka kukupunguzia mzigo. Ila halitafanya kazi, na ni muhimu alielewe. Tuseme ukoo wenu una hitilafu na wewe unayo. Yeye alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kutoirithi. Akipimwa akakutwa hana, hilo ni jibu la mwili wake tu, halisemi lolote kuhusu wako. Tena baya zaidi, kwa vile hakuna anayejua kinachotafutwa, hata yeye hawezi kutulia kwa jibu hilo: je, hana kwa sababu hakurithi, au ukoo una jeni nyingine ambayo kipimo hakikuigusa? Na baadhi ya vipimo vya kununua mtandaoni hutazama sehemu chache tu za BRCA, ilhali hitilafu zinazojulikana ni maelfu.

Mtu sahihi wa kuanza naye ni aliyeugua. Hapo ndipo damu yako inapokuwa na thamani ambayo ya ndugu yako mzima haina. Ukikutwa na hitilafu, maabara itaiandika ilivyo na mahali ilipo, na kuanzia hapo mdogo wako ataulizwa swali fupi: unayo hii, au huna? Akiwa hana, atakuwa ameondoka kabisa kwenye hatari hiyo ya ukoo, atabaki na ya kawaida kama mwanamke mwingine. Hofu ya kulala macho anayoisema inaweza kumwisha kwa jibu hilo. Nikwambie ukweli mwingine ambao si mtamu. Familia nyingi huanza kuuliza maswali haya baada ya mgonjwa kuondoka, na wakati huo hubaki wanakisia. Uko hai, una nguvu za kushika kalamu, na damu yako inaweza kuwajibia.

Kaka yako naye aambiwe kwa upole lakini waziwazi. Kama hitilafu imetoka kwa baba yenu, naye alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Mwanamume mwenye hitilafu, hasa ya BRCA2, huwa kwenye hatari zaidi ya saratani ya tezi dume, tena mara nyingi aina ya ukali, na hushauriwa kuanza kuchunguzwa akiwa na miaka 40. Anaweza pia kupata saratani ya titi au ya kongosho. Na akiwa nayo, kila mmoja wa mabinti zake watatu ana nafasi nusu kwa nusu. Hakuna mtu katika familia yenu anayehusika kuliko yeye.

Majibu yenyewe huja kwa namna tatu. Ya kwanza, hitilafu imeonekana na inajulikana kuwa na madhara. Ya pili, haikuonekana. Hiyo ni habari njema kiasi, ingawa kwa mtu mwenye ukoo kama wako haifuti kila kitu. Mtaalamu ataangalia kama jeni nyingine zilipimwa, kama RAD51C, RAD51D na BRIP1. Ya tatu ndiyo husumbua watu: wameona badiliko, lakini bado haijulikani kama lina ubaya. Jibu la namna hiyo huwatokea zaidi watu wenye asili ya Afrika na Asia, kwa sababu kumbukumbu nyingi za vinasaba zilizokusanywa duniani zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, hivyo mabadiliko yetu mengi hayajapata wa kulinganishwa nao. Ukilipata hilo, usiruhusu mtu yeyote akatwe kiungo wala apimwe kwa sababu yake. Mengi ya mabadiliko hayo baadaye hutambuliwa kuwa hayana madhara. Unachofanya ni kuacha mawasiliano yako na kuuliza tena kila baada ya mwaka au miwili.

Nije kwa watoto, maana nimeona hapo ndipo moyo wako ulipo. Hukuwapa saratani. Hata ukikutwa na hitilafu, kinachorithiwa ni uwezekano ulioongezeka, si ugonjwa, na kila mtoto ana nafasi nusu ya kutokuwa nao kabisa. Hukuchagua nakala uliyopewa na baba yako, kama naye hakuchagua yake. Sijui mzazi hata mmoja anayeweza kujilaumu kwa haki juu ya jambo hili, na ningependa uache kujilaumu leo, kabla hata majibu hayajatoka.

Uwezekano huo ni mkubwa kiasi gani? Mwanamke wa kawaida ana nafasi kama 1 kati ya 100, au zaidi kidogo, ya kupata saratani ya ovari maishani. Mwenye hitilafu ya BRCA1, hadi kufikia miaka 80, ni kama 44 kati ya 100. Ya BRCA2 ni kama 17. Kwa saratani ya titi zote mbili ziko karibu na 70 kati ya 100. Ni namba za kutisha, sikatai. Lakini binti yako akizijua akiwa na miaka 22 ana muda mrefu mbele wa kuzifanyia kazi, muda ambao wewe hukupewa.

Kwa umri wake hakuna atakachokatwa. Akikutwa nayo, uchunguzi wa matiti kwa MRI huanza akiwa na miaka 25, mamogramu, yaani eksirei ya matiti, huongezwa akifika 30. Ovari na mirija hushauriwa kutolewa kati ya miaka 35 na 40 kwa BRCA1, na kwa BRCA2 huweza kusubiri hadi 40 au 45, mtu akiwa amemaliza kuzaa. Mirija hutolewa pamoja na ovari kwa sababu saratani nyingi za aina yako, imekuja kugundulika, huanzia kwenye ncha za mirija. Asidanganywe na mtu kwamba atafanyiwa tu ultrasaundi na kipimo cha damu cha CA-125 kila mwaka na hiyo inatosha. Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000 kwa miaka mingi, na matokeo ya mwaka 2021 yakaonyesha kuwapima hivyo hakukupunguza vifo vya saratani ya ovari. Vidonge vya uzazi wa mpango, vikitumika kwa miaka kadhaa, hupunguza hatari ya ovari kwa karibu nusu. Hilo azungumze na daktari wake, kwa sababu matiti nayo lazima yafikiriwe.

Ndoa haina sababu ya kuahirishwa. Kama atataka kupimwa kabla au baada ya harusi, huo ni uamuzi wake mwenyewe, yeye ni mtu mzima. Kazi yako ni kumweka kwenye nafasi ya kuchagua, kisha kumwachia. Ushauri wangu ni usimfiche kwa kuogopa uchumba utavunjika. Mchumba atakayeikimbia habari ya uwezekano wa ugonjwa wa miaka ishirini ijayo, ni bora binti ajue hilo mapema. Mdogo wake wa miaka 15 asipimwe sasa. Watoto hawapimwi BRCA kwa kuwa hakuna kitakachobadilika kwenye matunzo yao hadi wawe watu wazima, na siku hiyo ikifika atasema mwenyewe.

Mdogo wako pia ana haki ya kutotaka kujua. Tofautisha mambo mawili: kupimwa wewe, ambako hakuhitaji ruhusa ya mtu, na kumwambia yeye majibu, ambako unaweza kumwuliza kwanza. "Majibu yangu yametoka na yanaweza kukuhusu. Ungependa nikueleze, au nikupe barua ya hospitali uisome siku utakayokuwa tayari?" Hospitali nyingi zenye mshauri wa vinasaba huandaa barua ya namna hiyo kwa ajili ya ndugu, iombe. Uliza pia kuhusu gharama, kwa kuwa kuna maabara zinazowapima ndugu wa karibu bure au kwa bei ndogo ndani ya muda fulani baada ya jibu la kwanza. Na yeye, kwa vile bado mzima, kabla ya kupimwa aulize sheria za bima zikoje mahali alipo. Marekani kwa mfano ina sheria ya mwaka 2008 inayozuia bima ya afya na waajiri kutumia vinasaba dhidi ya mtu, lakini sheria hiyo haigusi bima ya maisha.

Siku ya kurudisha fomu, kaa na daktari au mshauri kabla ya kutia saini. Muulize ni jeni ngapi zinapimwa, majibu yatatoka lini ukilinganisha na dozi yako ya mwisho, na nani atakaa nawe kukusomea. Kama uliongezewa damu wakati wa upasuaji, mkumbushe, maana maabara huhitaji kujua. Kisha tazama kama fomu ina mahali pa kuandika jina la mtu atakayepewa majibu iwapo wewe hutaweza kuyapokea. Kama hapo mahali hapapo, omba paongezwe kwa mkono. Mfikirie vizuri huyo mtu. Nisingemwandika mdogo wako kwa sasa, kwa jinsi anavyoogopa, na kaka yako bado hataki kusikia. Kama binti yako atakubali, baada ya wewe kumweleza yote haya ukiwa umekaa naye, andika jina lake.

Wako,
Shangazi